Mchimba Makaa Yuko Bura: Mhamiaji Tuliyemsahau Kando ya Mto Tana

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa kifungu kifupi kilichosimulia maisha ya Mwitaliano mmoja aliyehamia Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, akafuatwa na mkewe na watoto wao baada ya mwaka mmoja. Kifungu chenyewe hakikuwa kigumu. Kilichotutatiza ni jina la kazi ya huyo bwana. Mmoja wetu aliandika "mchimba makaa", mwingine "mchimba makaa ya mawe", na wa tatu, ambaye hupenda kujisalimisha, akaandika "mfanyakazi katika mgodi wa makaa ya mawe". Mjadala ukapamba moto. Ndipo mwenzetu anayetoka Garsen, kijana ambaye kwa kawaida huwa mkimya, alipoinua mkono akasema kwamba kwao makaa hayachimbwi. Huchomwa, hutiwa magunia na kupakiwa kwenye lori. Darasa zima likacheka. Mhadhiri naye akacheka, kisha akamwuliza: "Na huyo anayeyachoma, ni mwenyeji au naye amehamia?" Mwenzetu akajibu: "Wako wenyeji, mwalimu, na wako watoto wa watu wa skimu. Hao baba zao waliletwa."

Kipindi kilikwisha, nasi tukatawanyika. Lakini lile neno la mwisho halikuniondoka. Hakusema baba zao walihamia. Alisema waliletwa. Sisi wanafunzi wa isimu tunafundishwa kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumficha mtenda, na hapa mtenda alikuwa amefichika kabisa. Nani aliyewaleta? Kutoka wapi, na kwa kazi gani? Na kwa nini kijana wa mwanzoni mwa karne hii azungumzie safari iliyofanyika kabla hajazaliwa kana kwamba haijaisha? Makala haya yametokana na maswali hayo. Nia yangu ni kuwashawishi wasomaji wa jarida hili, wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kwamba yule mchimba makaa mhamiaji tunayemtafsiri kutoka lugha za watu ana ndugu yake kando ya Mto Tana, na kwamba fasihi ya Kiswahili inamwia huyo ndugu deni ambalo bado haijaanza kulilipa.

Kwanza tumtazame huyo Mwitaliano, maana kisa chake kina mafunzo. Mnamo Juni 1946, Italia na Ubelgiji zilitia saini mapatano ya ajabu kidogo. Italia, iliyokuwa imetoka vitani ikiwa maskini na yenye vijana wengi wasio na kazi, ilikubali kupeleka wafanyakazi 50,000 katika migodi ya Ubelgiji. Ubelgiji nayo ikakubali kuiuzia Italia makaa ya mawe. Kwa lugha isiyo na adabu ya kidiplomasia, walibadilishana watu kwa makaa. Wanaume hao walipofika, wengi walilazwa katika vibanda vya mabati na mbao vilivyokuwa kambi za wafungwa wa vita. Wake zao walipowafuata, vibanda hivyohivyo ndivyo vilivyokuwa nyumba zao. Kisha tarehe 8 Agosti 1956 moto ukazuka katika mgodi wa Bois du Cazier, huko Marcinelle. Watu 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Picha zinazojulikana zaidi za msiba ule hazikupigwa chini ya ardhi. Ni picha za wanawake na watoto waliosimama langoni mwa mgodi, wameshikilia vyuma vya lango, wakingoja habari siku baada ya siku.

Naomba msomaji azishike akilini picha mbili hizo, kambi iliyogeuzwa nyumba na familia iliyosimama langoni, kwa kuwa tutazihitaji.

Pengine mtu atasema kwamba kama tunamtaka mchimba makaa ya mawe wa Afrika Mashariki, basi tuvuke mpaka twende Kiwira au Ngaka, kusini mwa Tanzania, ambako makaa hayo huchimbwa kwelikweli. Ni kweli, na ninawaachia kazi hiyo wenzetu wa vyuo vya Tanzania. Kwetu Kenya makaa ya mawe yamezungumzwa mno kuliko yalivyochimbwa. Yale ya bonde la Mui, katika Kitui inayopakana na Tana River, yameandikiwa mikataba na kuzungukwa na wasiwasi wa wakulima watakaohamishwa. Mtambo wa umeme wa makaa uliokusudiwa kujengwa Lamu, kwenye njia hiyohiyo ipitayo Garsen, ulinyimwa leseni yake na Baraza la Taifa la Mazingira mnamo Juni 2019. Kwa hiyo mchimba makaa ya mawe wa Kenya bado ni mhusika asiyezaliwa. Lakini mhamiaji aliyetolewa kwao kwa ahadi, akapewa nyumba isiyo yake na kazi yenye ratiba ya mwingine, huyo amezaliwa zamani.

Anayesafiri kutoka Malindi kuelekea kaskazini hufika Minjila, karibu na Garsen, mahali ambapo njia hugawanyika. Moja huvuka mto kwenda Witu na Lamu, na nyingine hufuata Mto Tana kwenda Hola, Bura na hatimaye Garissa. Wasafiri wengi wa chuo chetu huijua ile ya kwanza kwa sababu ya Lamu na tenzi zake. Sina ugomvi na Lamu. Ninachosema ni kwamba mtafiti wa Kiswahili akifika Minjila hukunja kulia kwa mazoea, kana kwamba mkono wa kushoto hakuna lugha.

Huko kushoto kuna Hola. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianza kilimo cha umwagiliaji huko, na nguvu iliyotumika ilikuwa ya mahabusu wa Mau Mau waliosombwa kutoka nyanda za juu hadi kwenye joto la nyika. Hao ndio wa kwanza walioletwa, na kwao kauli ya kutendwa ilikuwa kweli tupu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo baada ya kugoma kufanya kazi. Maelezo ya kwanza ya wakuu yalikuwa kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Maelezo hayo hayakudumu, uchunguzi uliyaumbua na habari zikafika hadi Bunge la Uingereza. Lakini ebu tuyatafakari kidogo kama wanafunzi wa lugha. Katika mahali palipoanzishwa ili kuleta maji shambani, maji ndiyo yaliyosingiziwa mauaji. Mwandishi wa tamthilia angebuni kejeli hiyo, tungemkosoa kwamba ametia chumvi.

Baada ya uhuru mashamba ya Hola yaliendelea, safari hii yakiwa na wakulima na familia zao. Mradi mkubwa zaidi ukafuata huko Bura, kaskazini ya Hola. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuufadhili pamoja na wafadhili wengine. Hekta 6,700 zilikusudiwa kumwagiliwa maji ya Tana na familia zaidi ya 5,000 zilikusudiwa kupewa makao. Familia za kwanza ziliwasili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zilitoka pembe nyingi za Kenya, kuanzia Mkoa wa Kati na Ukambani hadi Nyanza, Magharibi na Pwani yenyewe. Wengi walikuwa watu wasio na ardhi. Waliomba, wakachaguliwa, wakapandishwa magari pamoja na mizigo, kuku na watoto wao. Kwa hiyo, kwa haki ya sarufi, hawa walihamia. Kwa nini basi watoto wao husema "waliletwa"?

Jibu langu ni kwamba walihamia wakidhani wanakuwa wenye mashamba, na walipofika wakagundua kwamba ni wafanyakazi. Kila familia ilikabidhiwa hekta moja na robo ya shamba, kibustani, na nyumba katika kijiji kilichopewa nambari. (Mtu anayeishi katika Kijiji cha Tatu anaelewa mapema kwamba waliopanga maisha yake hawakuwa na haja ya kujua jina la mahali.) Pamba ndiyo iliyokuwa zao kuu. Siku ya kupanda, siku ya kupalilia, siku ya kunyunyizia dawa na zamu ya kufunguliwa maji ziliamuliwa na uongozi wa mradi. Mavuno yalipouzwa, gharama za maji, mbolea na dawa zilikatwa kwanza. Wapo waliomaliza msimu wakiwa na deni. Mchimba makaa wa karne ya 19, aliyelipwa mshahara na kuuacha palepale katika duka la kampuni, angeielewa hesabu hiyo bila mkalimani.

Na kama ilivyokuwa kwa Mwitaliano, familia ndiyo iliyobeba sehemu nzito zaidi, ilhali haikuandikwa popote. Hapa naomba kukawia kidogo. Kwa mujibu wa kanuni za skimu za umwagiliaji za mwaka 1977, mkulima alikuwa mwenye leseni. Hakuwa na hatimiliki. Walioruhusiwa kuishi naye walikuwa baba na mama yake, mke au wake zake, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na ambao hawajatimiza umri wa miaka 18. Isome tena sentensi hiyo kama usomavyo ubeti mgumu. Mtoto aliyezaliwa Bura, au aliyefika akiwa mgongoni mwa mamake, ana haki ya kuwa nyumbani hadi asubuhi ya siku ya kuzaliwa kwake ya kumi na nane. Baada ya hapo, kwa maandishi, ni mgeni katika nyumba ya babake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na ugeni ukabaki palepale hata jembe lilipochakaa.

Mke naye? Leseni kwa kawaida ilikuwa ya mume, na malipo ya pamba yalifuata leseni. Palizi na uchumaji vilifuata mikono ya mke na watoto. Pamba ni zao lisilo na huruma kwa vidole, kwani kila kitumba huchumwa kwa mkono, na makapi yake yaliyokauka huchanja ngozi. Malaria ilikuwa kali kwa watu waliotoka nyanda zenye baridi, na waliougua zaidi walikuwa watoto wadogo. Mwanamke aliyetoka Nyeri au Vihiga hakuwa amepoteza shamba tu alipopanda lile gari. Aliwapoteza mama mkwe, mashoga, mkunga aliyemjua, kisima alichokizoea na lugha aliyoitumia kuomboleza. Mume alikuwa na mkutano wa wakulima na ofisa wa kumlalamikia. Mke alikuwa na jirani ambaye hakuijua lugha yake, na jirani huyo hakuijua ya kwake.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoingia, na sijui kwa nini sisi, watu wa Kiswahili, hatulisemi jambo hili kwa sauti. Tumezoea kukisifu Kiswahili kama lugha ya ukombozi na ya umoja wa taifa, sifa ambazo hutolewa majukwaani. Huko Bura kilifanya kazi ya unyenyekevu zaidi. Kilikuwa lugha ya kuomba chumvi, ya kuuliza mtoto wako ana homa tangu lini, ya kupatana zamu ya maji, na baadaye ya kuoana. Mkikuyu, Mkamba, Mluhya, Mluo na Mtaita walikutana na Mpokomo na Morma katika lugha hii, wala hawakuwa wameifuata kwa mapenzi yake. Kile tunachokiita katika mihadhara "lugha ya mawasiliano mapana" kilikuwa, kwa mama yule, kamba pekee ya kumfikisha kwa jirani.

Turudi kwenye mradi wenyewe, japo kwa ufupi maana habari zake zimeandikwa sana na wachumi. Gharama zilipanda kupita makadirio mara kadhaa, hata Bura ikawa mfano unaotajwa na wataalamu wa umwagiliaji kila wanapotaka kuonya juu ya miradi ghali. Mashamba yaliyolimwa yakakoma kwenye hekta 2,500 hivi, na familia zilizokaa zilikuwa zaidi kidogo ya 2,000. Maji yalivutwa na pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi, juu ya mto, na pampu hizo zilikusudiwa kuwa za muda tu kabla ya kujengwa mfereji wa kuteremsha maji bila mashine. Za muda zikageuka kuwa za kudumu, zikazeeka, zikawa zinazimika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yakaharibika kabisa. Kule Hola, mwaka 1989, mto ulibadili mkondo ukaiacha pampu ikitazama mchanga. Upande wa Garsen, mashamba ya mpunga ya delta yaliyoendelezwa na shirika la maendeleo la Tana na Athi, TARDA, yakaja kuvunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Skimu za Bura na Hola zilifufuliwa baadaye, katika miaka ya 2000. Lakini kati ya pamba ya mwisho na maji mapya palipita miaka isiyopungua kumi na mitano, na mtoto aliyefika akiwa na miaka mitatu alikuwa mtu mzima.

Familia ziliishije katika miaka hiyo? Wengine walirudi walikotoka, wakakuta ndugu wamekwisha gawana kijisehemu kilichobaki. Wengine walishika njia ya Garissa, Malindi au Mombasa. Waliobaki waliingia msituni na shoka. Hivyo ndivyo tunavyorudi kwenye makaa.

Kisa cha miti hii kinastahili riwaya peke yake. Waliopanga makao ya Bura walihofia kwamba maelfu ya familia zingeumaliza kwa kuni msitu mwembamba ulioko kingoni mwa mto, msitu ambao ni makao ya nyani na kima wasiopatikana kwingineko duniani. Kwa hiyo, katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Ufini, yakapandwa mashamba ya miti ya kuni yaliyomwagiliwa kwa maji ya mifereji ileile ya pamba. Miongoni mwa miti iliyoletwa ulikuwemo ule ambao Wakenya wengi huuita mathenge, mti wa miiba uliotoka Amerika. Maji ya pamba yalipokatika, mathenge haikufa. Ilisambaa. Ilifuata mifereji mikavu, mashamba yaliyoachwa, barabara na kinyesi cha mbuzi, ikateremka hadi upande wa Garsen na delta. Imeziba njia za mifugo, na miiba yake hutoboa kwato na matairi.

Mti huo nao uliletwa. Katika orodha yote ya walioletwa Tana, yaani mahabusu, mkulima, mkewe na mti, ni mti pekee uliostawi.

Mtoto wa skimu, akishatimiza miaka yake 18 na kutoka kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, alijikuta akiukata mti ulioletwa ili mamake apikie, akiuchoma kupata makaa ya kuuza mjini. Kazi ya tanuri haina siri. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, huwashwa, kisha hukeshewa siku kadhaa. Udongo ukibonyea mahali, moto utapata hewa na kila kitu kitageuka jivu, kwa hiyo mchomaji hupanda juu ya lundo lenye moto ndani kuziba tundu. Macho huwa mekundu, kifua hujaa moshi, na mtu hurudi nyumbani mweusi kama atokaye mgodini. Tofauti na mchimba makaa ya mawe ni kwamba huyu hana mwajiri wa kumgomea wala siku ya malipo. Tena mara kwa mara kazi yake imekuwa ikikaribia kuwa kosa. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilimtaka awe katika chama na awe na leseni. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, iliyoondolewa Julai 2023, ilizidi kuyabana mapato yake. Gunia likifika Mombasa, mnunuzi hulipa bei ambayo mchomaji hajawahi kuishika mkononi.

Sasa nijibu pingamizi moja ambalo naliona likija, na ambalo lina haki ya kujibiwa. Je, si dhuluma kumlilia mhamiaji katika ardhi ambayo wenyewe wanaililia? Wapokomo walilima kingo za mto huu kwa kufuata mafuriko yake kabla ya kuwapo kwa skimu yoyote. Waorma waliteremsha ng'ombe wao mtoni kupitia malka, zile njia za kunyweshea mifugo ambazo mifereji na mashamba ya miradi yalizikata au kuzibana. Mwaka 2012 tuliona ardhi na maji vilivyoweza kuwageuza majirani. Huko Riketa, mwezi Agosti, waliuawa watu zaidi ya 50, na Kilelengwani, mwezi Septemba, wengine zaidi ya 30, wanawake na watoto wakiwamo. Msiba huo ulikuwa wa wenyeji kwa wenyeji, na sitaki kuugeuza kuwa kisa cha walowezi. Nautaja kwa sababu unaonyesha uzito wa maneno "mwenyeji" na "mgeni" katika nchi ile. Mtu anayeitwa mgeni baada ya miaka arobaini hana haja ya kufafanuliwa maana yake. Kumwandika mhamiaji hakumpokonyi Mpokomo wala Morma chochote. Riwaya nzuri ya Bura haiwezi kuandikwa bila mchungaji aliyekuta mfereji mahali palipokuwa na malka, kama vile isivyoweza kuandikwa bila mama wa Vihiga aliyekuta joto mahali alipoahidiwa shamba. Kosa letu ni kuwasahau wote wawili kwa pamoja.

Nasema kosa letu kwa makusudi. Fasihi ya Kiswahili haijamkwepa mfanyakazi. Shafi Adam Shafi alitupa makuli wa bandari ya Zanzibar katika Kuli mwaka 1979. Said Ahmed Mohamed alituandikia wafanyakazi wenye madai katika Dunia Mti Mkavu. Assumpta Matei, katika Chozi la Heri, ameshughulikia watu walioondolewa makwao, na kizazi kizima cha shule za upili kimeisoma kazi hiyo. Lakini mfanyakazi wa riwaya zetu aghalabu huwa wa mjini au bandarini, na mhamiaji wetu huwa ni yule aliyefukuzwa. Aliyeitwa kwa ahadi, akaja na mkewe kwa hiari, kisha akasahauliwa palepale alipoitwa, huyo hatujampa jina. Labda ni kwa sababu kisa chake hakina kilele. Hakuna siku moja ya moto kama ile ya Marcinelle. Familia ya Bura ilisimama mbele ya mfereji mkavu, na mfereji hauna lango la kupigia picha.

Émile Zola alipotaka kuandika Germinal, iliyochapishwa mwaka 1885, alisafiri Februari 1884 hadi Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, wakati wachimba makaa wakiwa wamegoma. Akaingia nyumba zao na kuteremka mgodini akiwa na daftari. Simtaji ili tumwige. Namtaja kwa sababu daftari lile linapatikana katika duka lolote la chuo chetu. Wataalamu wa isimu walikwisha kuitambua thamani ya Mto Tana. Derek Nurse alichapisha mwaka 2000 utafiti kuhusu Kiilwana, lugha ya Kibantu ya sehemu za juu za mto huo iliyobadilishwa sana na lugha za Kikushi za majirani. Wimbo wetu wa taifa wenyewe unatokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, jambo ambalo tunalikumbuka kwenye chemshabongo na kulisahau tukisimama kuuimba. Kiswahili cha vijiji vyenye nambari, kilichotengenezwa na akina mama wa makabila sita au saba juu ya mfereji mmoja, hakimo katika silabasi yoyote niliyopewa. Wale waliokitengeneza wana umri wa miaka 70 sasa, au zaidi. Waliofika wakiwa watu wazima wanazikwa mmoja baada ya mwingine, wengine katika ardhi ambayo hawakuimiliki kwa karatasi.

Nilipendekeza katika mkutano wa chama chetu kwamba safari ya mwaka huu isiwe ya Lamu tena, na kwamba tufikapo Minjila tukunje kushoto. Nilipingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Bura kuna joto. Ya pili ni kwamba huko hakuna fasihi ya Kiswahili ya kutafiti. Hoja ya kwanza ni ya kweli. Kuhusu ya pili, niliuliza tu ikiwa simulizi ya mwanamke kuhusu namna alivyojifunza kumwambia jirani "pole" si fasihi simulizi, na kama siyo, basi tuambiwe ni nini. Kura zilipopigwa tulishinda kwa kura tatu.

Mwenzetu wa Garsen amekubali kutuongoza, kwa kuwa ana mjomba aliyeoa katika mojawapo ya vijiji hivyo. Ametuonya jambo moja. Tusifike na hojaji zilizopigwa chapa, maana watu wa huko wamejaza hojaji tangu siku walipoletwa, na mkiwatolea karatasi watawaambia idadi ya watoto, idadi ya magunia na ukubwa wa shamba, kisha watanyamaza. Tukae kwanza, tunywe chai, tungoje waulize sisi tumetoka wapi.